Ncha ya anga iko nyuma ya paa la jirani: kupiga picha za nyota ukiwa Dodoma

Katikati ya Oktoba, saa kumi na nusu alfajiri, Nebula ya Jabari, wingu la gesi lililo kwenye kundi la nyota la Jabari (Orion), inapita utosini mwa mtu aliyesimama Dodoma. Nasema utosini kwa maana yake kamili. Nebula ile iko digrii 5.4 kusini mwa ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu kabisa ya ikweta ya dunia), na mji wetu uko digrii 6.2 kusini mwa ikweta ya dunia, kwa hiyo inaukosa utosi kwa chini ya digrii moja. Mtu wa London haioni ikipanda zaidi ya digrii 33, na mwanga wake unamfikia baada ya kupenya hewa nyingi karibu mara mbili ya ile ninayopiga picha mimi. Ndiyo maana kila anayeniuliza anunue darubini gani namrudisha nyuma kidogo: jua kwanza umesimama wapi, na ni nini kinapita juu yako.

Mimi ni mpima ardhi. Mchana nipo viwanjani na vyuma na bikoni, na usiku wa kiangazi nipo uani kwangu Nala, magharibi mwa mji. Mvua za huku zikikatika, kati ya Aprili na Mei, hazirudi mpaka Novemba au Desemba. Katikati hapo usiku baada ya usiku anga linakuwa wazi, hewa ni kavu, na tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Dada yangu anaishi Tanga. Yeye akitoa kamera nje saa mbili usiku, saa nne lenzi imeshatota umande, na asipoifunga mkanda wa kupasha joto unaochomekwa kwenye pawabenki, kazi imekwisha. Sisi adui yetu ni vumbi na upepo. Julai na Agosti ninaning'iniza ndoo ya kokoto katikati ya tripodi, la sivyo kila nyota inatikisika.

Vifaa vyangu ni vichache na karibu vyote ni vya mtumba: Canon 600D, kamera iliyotoka mwaka 2011, lenzi ya 50mm f/1.8, tripodi nzito ya chuma, na rimoti ya kuhesabu muda inayopiga picha moja baada ya nyingine bila mimi kugusa kitu. Kamera hii niliichagua kwa sababu ya kioo chake cha nyuma kinachofunguka na kugeuka. Ukilenga kitu kilicho utosini, kamera inatazama juu moja kwa moja na jicho lako halina pa kuingia. Kwa kioo kinachogeuka, unakaa kwenye mkeka na kutazama pembeni. Watu wanalinganisha megapikseli wakisahau shingo zao.

Darubini sina, na kwa ninavyopiga sasa sijaona inakosekana. Lenzi ya 50mm kwenye kamera hii inashika Jabari karibu mzima.

Nilianza bila mtambo wowote wa kufuata nyota, na bado nawashauri watu waanze hivyo. Kuna kanuni maarufu, kanuni ya 500: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi (baada ya kuuzidisha kwa 1.6 kwa kamera yenye sensa ndogo kama yangu), upate idadi ya sekunde unazoweza kuacha shata wazi. Kwa 50mm inakuja sekunde 6 hivi. Mimi siifuati. Pikseli moja ya kamera yangu kwa lenzi hiyo inafunika takriban sekunde 18 za tao (digrii moja ina sekunde 3,600 za tao), na nyota iliyo karibu na ikweta ya anga inatembea sekunde 15 za tao kila sekunde inayopita. Kwa sekunde 6 nyota imeshavuka pikseli tano, na ukiikuza picha unaiona wazi imerefuka. Jabari, kwa bahati mbaya, yuko palepale ambapo nyota zinakimbia kuliko pengine popote angani. Kwa hiyo bila mtambo napiga sekunde 2, ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kamera kuitikia mwanga), lenzi nimeibana mpaka f/2.8, na napiga mamia ya picha. Kila moja peke yake ni giza lenye chenga. Ukizipandanisha picha 100, yaani kuziweka moja juu ya nyingine kwa programu, chenga zinapungua mara kumi, kwa sababu zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: 4 zinakupa nusu, 100 zinakupa sehemu moja ya kumi. Hesabu hiyo ndiyo iliyonishawishi kwamba kamera kuukuu inaweza kufanya kazi ya maana.

Sasa tuje kwenye treka, maana hapa ndipo mtu wa kwetu anapoachwa njiani.

Treka ni mtambo mdogo unaokaa kati ya tripodi na kamera, unazungusha kamera polepole kufidia mzunguko wa dunia. Ili ufanye kazi, mhimili wake lazima uelekee kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka. Maelekezo karibu yote huanza na sentensi moja: tafuta Nyota ya Kaskazini. Kwetu Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wa macho, haionekani mwaka mzima. Tunabaki na ncha ya kusini, ambayo iko digrii 6 tu juu ya upeo, kwenye kundi linaloitwa Octans. Jina hilo lilitolewa na Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, aliyekwenda Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752 kuorodhesha nyota za kusini. Nyota inayotumika kama alama ya ncha hiyo, Sigma Octantis, ni hafifu hata mahali penye giza zuri. Ikiwa digrii 6 juu ya upeo, katikati ya vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, haiwezekani kuiona. Na kwangu mimi hiyo ncha yenyewe iko nyuma ya paa la jirani.

Mpima ardhi hashindwi na kitu kama hicho. Kaskazini na kusini halisi haviko angani usiku tu, jua linavitoa kila siku ya Mungu.

Mwishoni mwa Juni nilifunga timazi kwenye boriti ya kibaraza, kamba ya mita 2, na kusubiri adhuhuri halisi. Saa zetu zinafuata longitudo 45, na Dodoma iko karibu na longitudo 35.75, kwa hiyo jua linafika kilele chake kwetu takriban dakika 37 baada ya saa sita mchana, kukiwa na tofauti ya dakika kadhaa kwenda mbele au nyuma kulingana na mwezi. Mwishoni mwa Juni inakuwa kama saa 6 na dakika 40. Dakika kamili niliisoma kwenye Stellarium, ambayo ni programu ya bure. Wakati huo jua liko upande wa kaskazini, na kivuli cha kamba kinalala kuelekea kusini kwa zaidi ya mita moja. Nilikuwa nimepiga magoti na chaki mkononi, macho kwenye saa ya simu, na dakika ilipofika nikaweka alama mbili juu ya kivuli, mwanzo na mwisho. Nikaunganisha kwa rula ya chuma, kisha nikapaka rangi ya mafuta ili mvua zisiufute. Mstari ule upo mpaka leo kwenye sakafu ya ua. Usiku naweka tripodi juu yake, nalinganisha treka na mstari, naweka mwinamo wa digrii 6 kwa kipima-mwinamo cha simu, basi. Paa la jirani halina neno tena.

Ukitaka kuufanya huu mstari kwako, fanya Mei, Juni au Julai. Wiki ya kwanza ya Machi na wiki ya pili ya Oktoba jua linapita utosini Dodoma, na timazi haina kivuli cha kupima. Hata Juni kivuli kinageuka haraka: dakika moja ya saa ni karibu nusu digrii.

Nusu digrii ni nyingi? Hapa tena hesabu inasaidia kuliko hofu. Mhimili ukikosea kwa digrii nzima, nyota inateleza kwa kiasi kisichozidi sekunde 16 za tao kwa dakika. Kwa lenzi ya 50mm hiyo haifiki hata pikseli moja, kwa hiyo picha ya dakika nzima inatoka safi. Kwa lenzi ya 200mm kosa hilohilo ni pikseli tatu na zaidi, na hapo ndipo unapohitaji umakini. Watu wengi mtandaoni wanahangaikia usahihi wa mtu mwenye darubini ya mita moja ilhali wana lenzi ya 50mm. Anza na lenzi pana, mstari wako wa jua utakutosha kabisa.

Mwenye kamera iliyounganishwa na laptopi ana njia nyingine: programu ya bure ya N.I.N.A. ina nyongeza inayopiga picha tatu sehemu tofauti za anga, inatambua kila picha imeelekea wapi kwa kulinganisha nyota na katalogi, kisha inakuambia mhimili umekosea kiasi gani na uuzungushe upande gani. Haihitaji kuiona ncha. Kwa sisi wa ikweta hiyo ndiyo programu ya kuanza nayo, kwa sababu zile zinazotaka kamera itazame eneo la ncha zinatuomba tutazame ndani ya ukuta.

Mambo mengine mawili ya latitudo yetu. Kwanza, hakikisha swichi ya treka iko upande wa kusini, maana upande wa kaskazini inazunguka kinyume na nyota zinatoka ndefu mara mbili. Pili, mwinamo wa digrii 6 unamaanisha mhimili umelala karibu sawa na ardhi, na uzito wa kusawazisha unaweza kugonga mguu wa tripodi wakati unazunguka. Zungusha tripodi ili uzito upite kwenye nafasi kati ya miguu miwili, na ujaribu mzunguko mzima mchana, kukiwa na mwanga. Kama kitako cha treka yako hakishuki mpaka digrii 6, refusha mguu mmoja wa tripodi au uuwekee tofali chini. Mtambo haujali mwinamo umetoka wapi.

Oktoba iliyopita nilikuwa nje saa kumi alfajiri nikimsubiri Jabari afike juu. Jirani yangu, yule mwenye paa, ni mzee mstaafu anayeamka mapema kuliko jogoo wake. Aliona taa yangu nyekundu ya kichwani akaja mpaka kwenye ua wa michongoma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Siku hizi unapima na viwanja vya juu?"

Nikamkaribisha, nikamwekea kiti. Treka ilikuwa imeelekea Kilimia, kile kishada cha nyota, wakati ule, nikiwa nafanya majaribio ya fokasi, na picha ya sekunde 60 ikatokea kwenye kioo. Akavaa miwani, akasogea. Akanyamaza, kisha akaanza kuhesabu kwa kidole bila kugusa kioo. Kwa macho alikuwa amezoea kuziona sita. Alipofika ishirini na kitu aliacha, akaniuliza kama kamera imeziongeza. Nikamwambia hapana, zote zipo, ni kwamba jicho halikusanyi mwanga kwa dakika nzima. Nikamwonyesha weupe wa buluu kuzunguka zile kubwa, kwamba ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota zenyewe. Akaanza kunisimulia jinsi wazee wa kijijini kwao walivyokuwa wakitazama Kilimia kabla ya kutayarisha mashamba, na nani aliyekuwa akiamua, na ugomvi uliotokea mwaka ambao wawili hawakukubaliana. Nilisikiliza mpaka rimoti ikalia. Methali ninayoijua tangu shule, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, nilikuwa nayo kama maneno ya mtihani. Mzee ameishi ndani yake.

Jabari alipofika juu nilipata karibu nusu saa kabla weupe wa alfajiri haujaanza kuharibu. Wakati wake mzuri wa jioni ni Januari, na Januari kwetu ni mawingu, kwa hiyo anayemtaka Jabari huku ni lazima akubali kuamka. Nebula inatoka na kiini cheupe na mbawa za waridi. Wekundu wenyewe haupo mwingi, kwa sababu kamera za kawaida zina kichujio mbele ya sensa kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa haidrojeni, ule wa nanomita 656. Wapo wanaokitoa. Mimi naitumia kamera hiyohiyo kwa picha za kazini na za arusi za ndugu, nimeiacha ilivyo.

Kazi ya laptopi naifanya kwa Siril, programu ya kupandanisha picha, nayo ni ya bure. Unatengeneza folda nne: picha za anga, picha za giza, picha za mwanga sawa, na zile fupi kabisa za bayasi, zinazonasa chenga za sensa yenyewe. Picha za giza unazipiga ukiwa umefunika lenzi, kwa muda uleule na ISO ileile, palepale nje kabla joto halijabadilika. Za mwanga sawa napiga asubuhi, fulana nyeupe nimeivuta juu ya lenzi na kuielekeza angani. Hizi ndizo zinazofuta kivuli cha pembeni na madoa ya vumbi kwenye sensa, na kwa mkazi wa Dodoma si za hiari. Kisha unaendesha skripti, unakwenda kunywa chai. Mistari ya setilaiti, ambayo siku hizi haikosekani, inaondoka yenyewe wakati wa kupandanisha, kwa kuwa programu inatupa pikseli iliyong'aa kwenye picha moja tu kati ya mia.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni diski. Faili moja ya RAW (picha ghafi) ya kamera yangu ni kama megabaiti 25. Siril ikiifungua yenye rangi zote tatu kwa biti 32, faili hiyo inakuwa zaidi ya megabaiti 200. Picha 100 zinakuwa gigabaiti 20 na ushee, na programu inahifadhi zaidi ya hatua moja. Laptopi yangu ilikuwa inajaa katikati ya kazi. Ingia kwenye mipangilio, chagua biti 16, ukubwa unakuwa nusu, kisha futa faili za katikati ukishapata picha ya mwisho. Picha ya mwisho ndiyo unayoihifadhi kwa biti 32.

Mwanga wa mji unazidi. Upande wangu wa mashariki sasa una rangi ya chungwa mpaka karibu nusu ya anga, na kila mwaka taa za barabarani zinaongezeka. GraXpert, nayo ya bure, inasaidia kuondoa rangi hiyo kwenye picha, lakini nyota iliyomezwa na mwanga hairudishwi na programu yoyote. Taa inayomulika chini inaangazia barabara vizuri zaidi na haimuliki mawingu. Naandika hili kama mtu ambaye ramani za mitaa hiyo zimepita mkononi mwake, na nalisema kila ninapopata kikao cha mtaa. Umeme ukikatika mtaa mzima, ninatoka nje haraka, na Njia Nyeupe inatokea mpaka kwenye kuta za nyumba.

Tarehe 7 Septemba 2025 sikuhitaji giza. Mwezi ulipatwa mzima kuanzia saa 2:30 usiku mpaka saa 3:52, saa za watu walio macho, na ua wangu ulijaa majirani na watoto. Niliweka lenzi ya 250mm, na kila mtoto alibonyeza rimoti mara moja. Picha za watoto wale nimezichapisha, kila mmoja ana yake.

Sasa mvua zinaisha, na ninachokisubiri ni Omega Centauri. Ni kishada cha nyota kama milioni kumi, takriban miaka-nuru 17,000 kutoka kwetu, na angani ni kikubwa kuliko mwezi mpevu. Sehemu kubwa ya Ulaya haikioni kabisa. Kwetu kinapanda mpaka digrii 48 upande wa kusini, mbali na taa za mji, juu sana ya paa la mzee. Mwezi mpya unaangukia tarehe 16 Mei 2026, na usiku huo kishada kitafika kileleni karibu saa nne na nusu. Nimeazima lenzi ya 200mm kwa mfanyakazi mwenzangu. Kwa lenzi hiyo mstari wa jua hautoshi peke yake, kwa hiyo nitaanza saa moja na nusu, giza likishaingia, kwa N.I.N.A. na laptopi mezani, niwe nimemaliza kulinganisha mhimili kufika saa tatu. Walio Singida, Manyara au Iringa wenye vifaa vinavyofanana na hivi, pigeni usiku huohuo kwa sekunde 30, ISO 1600, tuzipandanishe picha zetu pamoja.